Ukurasa wa Kwa Nini

"Kwa nini sisi?"

Swali lilikuwa fupi, na mkurugenzi aliliuliza huku akitabasamu. Mimi nikabaki nimekaa kwenye kiti cha ofisi bila jibu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ghorofa ya nne, katikati ya Nakuru, ndani ya ofisi yenye mlango wa kioo uliofunguka wenyewe ukiukaribia. Kampuni yake ilitayarisha watu, wengi wao wauguzi, kwa ule mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na hospitali na nyumba za wazee za ng'ambo. Walihitaji mwalimu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo huko Njoro mwaka uliotangulia, shahada ya isimu mkononi, na hakuna mtu aliyewahi kuniajiri kwa lolote.

Si woga ulionifunga mdomo. Wiki hiyohiyo kampuni nyingine ya kazi ileile ilikuwa imenipigia simu pia, na zote mbili zilitaka jibu langu kufikia Ijumaa. Kwa hiyo kwangu swali lile halikuwa la adabu tu. Kwa nini hawa na si wale? Sikujua, na sikutaka kuanza kazi kwa kubuni.

"Usijali, madam," alisema. Alikuwa kijana bado, suti iliyombana, viatu vyenye ncha, mtu aliyecheka haraka na kusahau haraka. "Jibu utalipata. Hapa majibu ndiyo kazi yetu." Akanisukumia kijitabu chenye jalada la buluu. Ndani mlikuwa na majibu arobaini yaliyokwisha kuandikwa, ya maswali arobaini yanayopenda kuulizwa katika sehemu ya kuzungumza. "Soma. Kesho uje ujaribu darasa."

Nilishuka ngazi mbilimbili. Lifti ilikuwepo lakini sikuweza kusimama kuingoja. Nilipita katikati ya wauza viatu na watu wa boda boda nikitembea kama ninayefukuzwa, na mmoja wao akaniita, "Boss, unakimbia wapi na tuko hapa?" nikacheka peke yangu. Kampuni mbili! Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanatuma wasifu mpaka wamesahau wameutuma wapi.

Nyumbani Mama aliniona nimekaa mbele ya kile kijitabu, chai imepoa.

"Mtu anatafutwa na kampuni mbili na bado amenuna?"

"Sijanuna, Mathe. Nafikiria."

"Wewe hufikirii. Wewe unapeleleza."

Alikuwa na haki ya kusema. Babu yangu aliletwa Nakuru na reli kutoka magharibi, kupaka grisi magurudumu ya mabehewa, na Mama alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, kisha akaingia kiwandani na kukaa hukohuko. Ni watu wa king'ora: kikilia unaingia, kikilia unatoka, na hakuna anayesimama getini kuuliza king'ora kimeamuliwa na nani. Mimi nilitoka vingine. Darasa la sita nilimuuliza mwalimu kwa nini kila insha yetu lazima ianze na jua likichomoza na ndege wakiimba, hata insha ya ajali ya lori. Nilipiga magoti nje ya mlango hadi kengele. Mama alipoitwa shuleni alinisikiliza, akamsikiliza mwalimu, na njiani kurudi akasema tu, "Maswali mengine uwe unajiuliza ukiwa umefunga mdomo." Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini kweli, hata ajali ya lori?"

Nilijiuliza nikiwa nimefunga mdomo mpaka chuo kikuu, ambako nilifungua na sikufunga tena.

Jumanne nikarudi ghorofa ya nne. Nisiseme uongo: nilipapenda. Ukumbi ulikuwa na watu wapata sitini, kipaza sauti, na ubao mweupe mpana kama ukuta. Ukutani kulikuwa na picha za waliokwisha kuondoka, kila mmoja amesimama na sanduku lake, ametabasamu. Mkurugenzi aliingia kwa makofi. Alitaja mada, na ukumbi mzima ukajibu kwa Kiingereza kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi mwezi mzima. Taja mtu unayemheshimu! Sitini wakamheshimu bibi mmoja, ambaye alifungua zahanati kijijini. Taja mahali ulipowahi kutembelea! Sitini wakaenda Kariandusi, wakaona mashoka ya mawe ya watu wa kale na udongo mweupe unaochimbwa jirani, na wote wakasema upepo wa hapo uliwafanya watafakari. Sauti sitini za watu wazima zikisema kitu kimoja zina nguvu, hata kama kitu chenyewe si kweli, na mimi nilitaka kile kipaza sauti.

"Wangapi mmefika Kariandusi?" nilimuuliza dada aliyekaa karibu nami.

Akanong'ona, "Tunapitanga tu hapo barabarani tukienda Nairobi."

Kisha mkurugenzi akanigawia mtu mmoja wa kufanya naye mazungumzo ya majaribio kwenye chumba cha pembeni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, muuguzi, kutoka Dundori. Alikuwa ameondoka shambani alfajiri baada ya kukamua. Viganja vyake vilikuwa na ule weusi wa udongo wa viazi usiotoka hata kwa brashi, na alivificha chini ya meza. Mkobani alikuwa na barua, akanionyesha kabla hatujaanza, jinsi mtu anavyoonyesha kitambulisho.

"Mwalimu, hii ni mara yangu ya tatu," alisema. "Hizo mbili nimeangukia kuzungumza. Kusoma napita, kuandika napita, kusikiliza napita. Kuzungumza naanguka."

Barua ilitoka kwenye nyumba ya wazee ng'ambo. Walikuwa wamemwekea nafasi, na walimtaka alete matokeo kufikia mwisho wa mwezi uliofuata. Mtihani wake ulikuwa baada ya siku ishirini na tano. Akianguka tena, nafasi ingepewa mwingine.

Tukaanza, sasa kwa Kiingereza. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililonishangaza: kilikuwa safi, hakikuharakishwa, cha mtu aliyezoea kuongea na madaktari. Nikamwomba anieleze mahali alipowahi kutembelea. Akaenda Kariandusi, akaona mashoka, akatafakari.

"Kwa nini ulipapenda?"

Macho yakashuka mezani. Mabega yakakunjwa kama ya mtoto.

"Samahani," alisema. "Si kwamba nilipapenda sana."

"Ungependa kuishi mjini au mashambani?"

"Mashambani."

"Kwa nini?"

"Ama... hata mjini ni sawa, mwalimu."

Nilirudia na maswali mengine manne. Kila nilipouliza kwa nini, alirudisha jibu lake nyuma kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. Na hapo nikakumbuka magoti yangu nje ya mlango wa darasa la sita. Nani kati yetu aliwahi kuulizwa kwa nini na mkubwa aliyetaka kweli kujua? Kwa nini umechelewa. Kwa nini kola yako chafu. Kwa nini hukusalimu wageni. Huo haukuwa wakati wa kueleza. Ukieleza, unaambiwa unajibizana. Unaomba msamaha, unabadilisha, yanaisha. Huyu mama mwenye wodi nzima mikononi mwake alikuwa anaketi mbele ya mtahini, anaulizwa kwa nini, na mwili wake unasikia: umekosea.

"Hata kule mtihanini waliniuliza hivyo," alisema kwa Kiswahili, akikusanya mkoba. "Mara zote mbili. Nikajua tayari hawajaniamini."

Nilimwendea mkurugenzi karibu nikikimbia. Nilieleza kwa mikono yote miwili. Alinisikiliza vizuri, na macho yake yakawaka pia, sitamnyima hilo.

"Hiyo ni kali sana, madam. Tunaongeza ukurasa! Ukurasa wa kwa nini. Kila jibu kati ya yale arobaini tunalipatia kwa nini yake, wanakariri. Uandike wewe. Nakupa hata meza yako, pale dirishani."

Niliitazama ile meza. Ilitazama mji mzima mpaka ziwani. Nilimwambia nitafikiria, na kweli nilifikiria, kwa sababu niliitaka. Lakini ngazini, nikishuka moja moja safari hii, nilijiuliza: kama tatizo lake ni kwamba haamini ana ruhusa ya kuwa na sababu, nikimpa sababu yangu akariri, nitakuwa nimemsaidia nini? Na mtahini akiuliza kwa nini ya pili, ambayo haimo ukurasani?

Jumatano nikaenda kwa wale wengine.

Hawa walikuwa juu ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, na ukipanda ngazi unapanda na harufu ya dawa ya kupe. Walikuwa na vyumba viwili. Mwenye kampuni alikuwa muuguzi mstaafu, mrefu, mkavu, na bado alibandika saa yake kifuani kichwa chini kama aliye zamu. Wote walimwita Sista, na mimi nikamwita Sista. Hakuniuliza wasifu wala shahada. Alinionyesha kiti ukutani.

"Kaa hapo uone kwanza. Ukituona wajinga, ngazi ni hiyo."

Wanafunzi walikuwa sita. Katikati ya chumba palikuwa na kiti, na juu ya kiti mto wa kulalia uliofunikwa shuka.

"Huyo ni nani?" niliuliza.

"Mgonjwa wetu," alisema Sista. "Yuko hapa tangu tufungue. Haponi, hafi."

Kila somo lilianza kwa kukabidhi zamu. Mwanafunzi mmoja anamkabidhi mgonjwa, mwingine anampokea, kwa Kiingereza, kama wodini asubuhi wakati wale wa usiku wanaenda nyumbani. Sista alikuwa ameliweka zoezi hilo, aliniambia baadaye, ili watu wachangamke tu na waache kufikiria nauli. Dada mmoja mwembamba wa sauti ndogo, ambaye aliponisalimia sikumsikia, akasimama kando ya mto na kuanza. Mwenzake, jamaa mnene mwenye mzaha, akampokea kwa ukali wa makusudi.

"Kwa nini umempunguzia maji?"

"Kwa sababu miguu imevimba na anahema kwa shida tangu saa nane."

"Kwa nini hukumwita daktari?"

"Nilimwita mara mbili. Hakuja. Nimeandika saa zote mbili, soma hapo."

"Kwa nini umemlaza hivi, si hivi?"

"Kwa sababu nikimlaza unavyotaka wewe atakufa ukiwa unaandika jina lako!"

Chumba kikacheka. Jamaa akapiga saluti. Na mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Kwa nini tatu, mfululizo, na yule dada hakurudi nyuma hata hatua moja. Kila swali lilimsogeza mbele. Mto ule ulikuwa wake. Alikesha nao. Yeyote anayeuliza, anamuuliza mtu aliyekuwepo.

"Sista, naweza kumuuliza kitu?"

"Uliza."

Nikamgeukia dada. "Unapenda msimu gani wa mwaka?"

"Wa mvua," alisema, na sauti ikarudi kuwa ndogo.

"Kwa nini?"

Macho chini. "Samahani... hata kiangazi si kibaya."

Ndicho hicho! Nilikimbia nikachukua mto kitini, nikamwekea mikononi, shuka na yote.

"Huyu ni msimu wa mvua. Umekuwa naye usiku kucha. Mimi ndiye zamu mpya na sikuamini. Nikabidhi."

Alinitazama, akamtazama Sista. Sista akainua mabega. Dada akaushika mto vizuri, kama mtu anayejua kushika, na akaanza polepole. Mvua imeingia mwezi wa nne. Hali yake ni nzuri.

"Kwa nini unasema ni nzuri?"

"Kwa sababu matangi yamejaa na mama yangu hatembei kwenda kisimani."

"Kwa nini hilo linakuhusu?"

"Kwa sababu goti lake lilikuwa linaniamsha mimi!"

Jamaa mnene akapiga makofi, akadai naye apewe mto. Wakaanza kugombea. Mmoja alikabidhi chapati, mwingine alikabidhi timu yake ya mpira, ambayo alisema haitamaliza juma. Nilikuwa nacheka na kuuliza, nauliza na kucheka, na hakuna mtu aliyeomba msamaha hata mara moja kwa saa nzima. Sista alikaa kwenye kile kiti cha mgonjwa kilichoachwa wazi, mikono mapajani.

"Miaka yote hii," alisema, "nimefanya hii kitu kama wimbo wa taifa, tukimaliza ndio tuanze kazi. Kumbe ndiyo kazi."

Hakuniuliza kwa nini wao. Aliniuliza ningeanza lini.

Ijumaa nikapiga simu ghorofa ya nne.

"Wale wa dawa za ng'ombe?" mkurugenzi alipaza sauti. "Aki madam! Kwa nini wao?"

Nikamjibu. Nilimjibu kwa muda mrefu, nikizunguka sebuleni kwetu. Nilimwambia juu ya mto, juu ya magoti, juu ya mtu anayeweza kusimama mbele ya daktari mkuu lakini hawezi kusimamia kupenda mvua. Nikamwambia sikutaka kuandika sababu za watu wasizozijua, nilitaka kuwauliza mpaka wazitoe. Mama alikuwa mlangoni ameshika mwiko, anasikiliza wazi kabisa. Nilipomaliza mkurugenzi akacheka kile kicheko chake cha haraka.

"Ungenijibu hivyo Jumatatu, hiyo meza ya dirishani ingekuwa yako siku hiyohiyo."

Mama aliposikia nimekata simu aliuliza, "Na hao wa mto wana mlango wa kioo?"

"Hawana, Mathe."

"Sawa. Wa kioo unapasuka."

Kulikuwa na jambo moja lililonikera. Yule mama wa Dundori alikuwa bado kule, na siku zake zilikuwa zinapungua, zimebaki ishirini na mbili. Namba yake sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, sikutaka kuanza kazi kwa kuvuta wanafunzi wa mwenzangu. Nilijiambia hivyo, halafu nikajiuliza kama huo ni uadilifu au ni kuogopa maneno ya watu. Nilikuwa bado naliwaza Jumanne, simu ilipolia.

"Mwalimu? Ni wewe uliniuliza kwa nini?"

"Ni mimi. Umenipata aje?"

"Mkurugenzi alitangaza kwa kipaza sauti. Amesema kuna mwalimu alikataa meza ya dirishani akaenda kufundisha juu ya dawa za ng'ombe. Watu wakacheka. Mimi nikasema, hiyo dawa ninaijua, ndiyo hununua hapo. Mwenye duka akanitafutia namba yako." Akavuta pumzi. "Mkoje na nafasi?"

Alikuja kesho yake, na kesho yake tena, baada ya kukamua. Siku ya kwanza nilimpa mto na kumwambia ni Kariandusi.

"Kariandusi sijafika," alisema.

"Basi iache. Umefika wapi?"

Alifikiria. Alisema kwa juu kwenye shamba lake, mwisho wa mistari ya viazi, kuna jiwe. Ukisimama juu yake unaona Nakuru yote na ziwa.

"Kwa nini unapapenda?"

Niliona mabega yakianza kukunjwa. Wote tuliona. Sista akakohoa. Yule mama akautazama mto, akaupigapiga kidogo kama anayemtuliza mtoto, kisha akasema, "Kwa sababu ndipo simu inashika."

Tulicheka sana, na yeye akashtuka, akafungua mdomo kuomba msamaha.

"Usirudi nyuma!" nilimwambia, karibu nikipiga kelele. "Hilo ni jibu. Ni jibu zuri sana. Kwa nini simu ikushikie hapo ni muhimu?"

"Kwa sababu hapo ndipo niliposoma barua pepe ya kazi. Nilikuwa na ndoo mkononi." Alikuwa haangalii meza tena; alinitazama mimi. "Na kwa sababu nikienda, nataka kukumbuka nilikuwa nimesimama wapi."

Hakuna aliyecheka. Jamaa mnene alijifanya anatafuta kalamu.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Siku nyingine alirudi kabisa mwanzo, akaniomba msamaha mara saba ndani ya dakika kumi, na Sista akampa adhabu ya kunikaripia mimi kwa Kiingereza mpaka mwisho wa somo. Juma la mwisho tuliuondoa mto, awe na mikono mitupu kama atakavyokuwa kule. Alikuja na leso, akaikunja pande nne, akaiweka mapajani chini ya meza. Niliiona nikaiacha.

Siku ya mtihani, Nairobi, simu yangu ililia saa sita mchana. Nyuma yake kulikuwa na honi za magari.

"Mwalimu! Ameniuliza kwa nini mara nne!"

"Na wewe?"

"Nikamjibu mara nne! Ya mwisho nusura nimuulize yeye pia!"

Matokeo yalitoka zikiwa zimebaki siku tano kwenye barua yake. Alipita sehemu ya kuzungumza kwa alama ya juu kuliko za sehemu zile nyingine tatu. Alipanda juu ya lile jiwe kunipigia, ndiyo maana nilimsikia vizuri alipolia na vizuri vilevile alipomkemea ng'ombe katikati ya kulia. Mwezi wa saba akaondoka. Picha yake imebandikwa juu ya ngazi zetu, hana sanduku, ameshika mto.

Mimi, nilivyo, sikuacha kujiuliza. Pengine angepita tu mara ya tatu. Pengine mtahini alikuwa mpole. Pengine mkurugenzi na ukurasa wake wangemfikisha palepale. Na lilikuwapo swali ambalo kila kundi jipya liliniuliza kabla sijavua koti: mwalimu, wewe mwenyewe ushaufanya huu mtihani? Nilikuwa nasema bado, nikiwatazama usoni. Baada ya miaka miwili nilichoka kusema bado, nikajiandikisha.

Mtahini wangu alikuwa mzee mwenye mafua, mpole, anayevuta makamasi kila baada ya sentensi. Aliniuliza ninaishi wapi, kisha akauliza kwa nini, na mimi, mwalimu wa kwa nini, nikahisi magoti yakiguswa na saruji. Nilijibu. Alipojipinda kuchukua kitambaa mfukoni, karatasi yake ya maswali ilibaki wazi mezani, kichwa chini upande wangu. Kusoma maandishi yaliyopinduka nilijifunza utotoni, Mama akishika gazeti upande wa pili wa meza.

Maswali yalikuwa yamepangwa kwa mstari, na chini ya kila moja palikuwa na maneno yaleyale kwa herufi ndogo. Kwa nini? Yamechapishwa, kwa wino uleule wa maswali, kabla ya yeyote kati yetu kuingia chumbani na kufungua mdomo.